Bafu la vigae

'''Bafu la vigae''' (pia '''bafu la marumaru''') ni chumba cha kuogea ambacho sakafu na kuta zake zimefunikwa kwa vigae vya kauri. Katika Mkoani, mji wa bandari kusini mwa kisiwa cha Pemba, kama kwingineko Tanzania, bafu la namna hii huweza kujengwa na mwenye nyumba mwenyewe, kidogokidogo, kwa msaada wa fundi.

Vigae hulinda uso wa ukuta na kurahisisha usafi, lakini havizuii maji peke yake, kwa sababu maji hupenya kwenye nafasi kati ya kigae na kigae. Kinachozuia maji ni tabaka lililo chini ya vigae pamoja na mteremko wa sakafu. Kosa lililofunikwa huweza kuonekana baada ya miezi mingi, ukuta wa chumba cha pili ukiwa umeota ukungu, na kulirekebisha ni kubomoa kazi yote.

== Historia ==
Waswahili walijenga mabafu ndani ya nyumba za mawe tangu karne nyingi. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi nchini Kenya, yana sehemu za kuogea na vyoo. Kuta zilipigwa lipu ya chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Huko Lamu, bakuli la kauri liliwekwa chini ya birika la bafuni, na samaki wadogo walifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Kisiwani Unguja, Sultani Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850, na Barghash bin Said (alitawala 1870–1888) alijenga ile ya Hamamni mjini Zanzibar.

== Hatua za ujenzi ==
* '''Bomba la maji machafu''' hulazwa kwanza kuelekea shimo la karo. Huwa na mkunjo unaobakiza maji ili harufu isirudi ndani. Shimo huchimbwa mbali na kisima, angalau mita 30.
* '''Choo''', kikiwa humohumo, hakielekezwi kibla wala kukipa mgongo. Kutoka Pemba, Makka iko karibu kaskazini kabisa, hivyo choo hulazwa mashariki-magharibi.
* '''Sakafu''' huteremka kuelekea tundu la maji kwa sentimita 2 hivi kila mita. Mchanga wa ufukweni haufai, kwani chumvi yake huvuta unyevu na kutia nondo kutu.
* '''Dawa ya kuzuia maji''' hupakwa angalau mara mbili, sakafuni na ukutani hadi juu ya shawa. Pembe huimarishwa kwa kitambaa maalumu.
* '''Jaribio''' hufanywa kabla ya vigae. Tundu huzibwa, maji humwagwa na kuwekewa alama, kisha huachwa saa 24. Yakishuka sana au ukuta wa nje ukilowa, uvujaji hutafutwa kwanza.
* '''Vigae''' hubandikwa kwa gundi iliyotandazwa kwa mwiko wenye meno. Vya sakafuni huwa na uso wa kukwaruza ili wazee na watoto wasiteleze. Gundi ikikauka, nafasi hujazwa grauti.

== Vifaa ==
Vigae hufika Pemba kwa vyombo vya baharini, vikiwemo vinavyotengenezwa Mkuranga na Chalinze, Tanzania Bara. Ni kawaida kununua ziada ya asilimia 10 hivi, ya toleo moja, kwa sababu rangi ya toleo jingine huweza kutofautiana. Shawa inayotegemea tangi la juu hupata bar 0.1 tu kwa kila mita ya kimo. Tangi likiwa chini mno, maji hutiririka kwa unyonge.