Mchezo wa Wild Arms na Hadithi za Makauboi

Msafiri ashukaye garini Makambako wakati wa kiangazi hupokewa kwanza na upepo, kisha na vumbi, ndipo apokewe na watu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo ikienda Kapiri Mposhi. Barabara kuu ya Zambia hupita hapo pia, na ile ya Songea huanzia papo hapo. Upande wa machweo nchi huteremka kuelekea wilaya ya Wanging'ombe, ambayo makao yake makuu ni Igwachanya, na mbele ya hapo zimelala tambarare za Usangu, nchi ya mpunga na mifugo. Stesheni, vumbi, mifugo, njia panda, na mji uliokua upesi kuliko desturi zake: hivyo ndivyo vyombo walivyovitumia watunzi wa Marekani kutungia hadithi za makauboi, na kijana wa Igwachanya azitazamapo hana haja ya kuelezwa vumbi lile lina ladha gani mdomoni. Basi mchezo wa video uliojengwa juu ya hadithi hizo unastahili kupimwa kwa macho ya nchi hii, wala si kwa macho ya waliouuza tu.

Hadithi zenyewe zimesafiri mbali. Wamarekani walitengeneza filamu ya The Great Train Robbery mwaka 1903, na kwa miaka mingi baadaye mpanda farasi mwenye bastola alikuwa bidhaa yao iliyopendwa kuliko nyingine nyingi. Bidhaa hiyo ilifika Afrika mapema. Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya katika nchi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1953 na 1954, alieleza jinsi wachimba migodi walivyofurika uwanjani kutazama filamu za makauboi, wakipiga kelele na kumshangilia shujaa, ambaye kwao jina lake lilikuwa Jack siku zote, hata kama filamu ilimwita vinginevyo. Miongoni mwa waliokwenda kutafuta kazi katika migodi ile walikuwamo watu wa nyanda za juu kusini za Tanganyika, hasa Wanyakyusa. Maofisa wa kikoloni waliona wasiwasi: walidhani mtu mweusi atajifunza kupiga bastola. Yamkini hawakujua kwamba watazamaji walikuwa wakijifunza jambo jingine, nalo ni kwamba mtu asiye na bwana aweza kuingia mjini peke yake akasikilizwa.

Kisha hadithi ikageuka njia. Mwaka 1961 Mjapani Akira Kurosawa alitoa Yojimbo, filamu ya mpiga upanga asiye na bwana. Mwaka 1964 Mwitalia Sergio Leone aliichukua habari ile ile, akaivika kofia na bastola, akaipigia picha Hispania, akaiita A Fistful of Dollars. Kampuni ya Kijapani ikamshtaki, na shauri likaisha kwa malipo. Ennio Morricone aliipa filamu hiyo muziki wa mbinja na gitaa ambao tangu hapo umekuwa sauti ya jangwa duniani kote. Hivyo hadithi ya Marekani ilikwisha kuwa ya Kiitalia kwa mfano wa Kijapani kabla haijarudi Japani kwa njia ya mchezo. Asiyejua safari hiyo hustaajabu kusikia kwamba kauboi wa Filgaia alizaliwa Tokyo.

Wild Arms ulitengenezwa na kampuni ya Media.Vision na kutolewa na Sony kwa mashine ya PlayStation. Ulitoka Japani tarehe 20 Desemba 1996, Marekani mwaka 1997, na Ulaya mwaka 1998. Ni wa jamii ya michezo ambayo mchezaji hashindani kwa wepesi wa vidole tu, bali huvaa uhusika wa watu walio katika hadithi, akatembea nao, akasoma maneno yao, akawaona wakikua kwa nguvu na kwa akili, na huchukua makumi ya saa kuufikia mwisho. Mtungaji wake ni Akifumi Kaneko, na muziki ni wa Michiko Naruke, ambaye katika wimbo wa ufunguzi alimfuata Morricone bila kuficha: mbinja inaanza peke yake, gitaa linafuata, na jangwa limekwisha kuonekana kabla ya picha. Kwa muziki huo peke yake mchezo ungestahili kukumbukwa.

Nchi ya hadithi ni Filgaia, dunia iliyojeruhiwa katika vita vya kale dhidi ya mashetani wa chuma na tangu hapo yazidi kukauka. Wahusika ni watatu. Jack Van Burace ni mtafuta hazina, atumiaye upanga na kufuatana na panya asemaye, aitwaye Hanpan. Cecilia ni binti mfalme wa Adlehyde, aliyesoma katika nyumba ya watawa na kuchoka kuitwa kwa cheo badala ya jina. Rudy Roughnight ni kijana asiyesema, na ndiye mwenye bunduki. Kila mmoja huanza kwa sura yake mwenyewe, mbali na wenzake, na mchezaji huamua aanze na nani. Ndipo njia zao zikutane. Kila mmoja ana vyombo vyake vya kufungulia vizuizi mapangoni: Rudy hutega baruti, Jack humtuma Hanpan kuchukua kitu kisichofikika, Cecilia ana saa ya mfukoni irudishayo mambo yalivyokuwa. Mchezaji hulazimika kufikiri nani afanye nini, na huo ni ubora wa kweli, kwa kuwa mapango ya michezo mingi ya wakati ule yalikuwa njia ndefu tu zilizojaa wanyama wa kupigwa.

Lakini penye moyo wa mchezo huu ni sura ya kwanza ya Rudy. Kijana huyu amepokewa katika kijiji cha Surf, anafanya kazi kama wengine, na watu wanampenda. Mtoto mmoja wa kijiji anaingia pangoni kutafuta tunda la dawa, Rudy anamfuata, humo ndani zimwi lililofungwa tangu kale linafunguka. Rudy anatoa silaha yake, moja ya zile ziitwazo ARM, masalia ya mashine za watu wa zamani, na kwa silaha hiyo anawaokoa wote. Malipo yake ni kufukuzwa. Hakuna anayekana kwamba aliwaokoa. Kosa lake ni kwamba anaweza kukishika kile kitu, na mtu awezaye kukishika si mwenzao. Anaondoka kijijini bila neno, maana hana neno.

Filamu za makauboi zilimfundisha mtazamaji kwamba bunduki humpa mtu heshima. Mchezo huu wasema kinyume, kwamba bunduki humtenga mwenye nayo, hata akiitumia kwa wema. Katika nchi ya Wabena na Wahehe maneno hayo hayawezi kusomwa kama porojo. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, askari wa Mkwawa walilivunja jeshi la Zelewski kwa mikuki na wakateka bunduki nyingi. Na bado, mwezi Oktoba 1894, bunduki zile hazikuzuia ngome ya Kalenga kuanguka. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Ubena, mwezi Septemba, watu wa Mbeyela walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi wakitumaini kwamba maji ya dawa yatazigeuza risasi kuwa maji. Hayakuzigeuza. Njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuchoma chakula na mashamba, iliua watu wengi mno kusini mwa nchi kuliko risasi zenyewe. Yaliyobaki katika kumbukumbu ya nchi ni ujuzi kwamba bunduki ni chombo cha mgeni, na kwamba mwenyeji aishikaye, awe askari au mtumishi wa boma, huwa mgeni nusu katika macho ya jamaa zake. Wanakijiji wa Surf wangeeleweka vizuri Yakobi.

Inasikitisha basi kwamba mtungaji hakuishikilia fikira yake hadi mwisho. Rudy akishatoka Surf, hofu ile yapungua kama moshi. Mjini ananunua risasi kwa fedha na kuziboresha silaha zake dukani, wala muuza duka hatetemeki. Kweli, katikati ya hadithi mkono wa Rudy unakatika na inajulikana kwamba yeye mwenyewe ni kiumbe kilichotengenezwa, ndugu wa silaha anayoishika. Hapo swali larudi kwa nguvu, na wenzake wawili, wakiwa hawana bunduki, wanakwenda kumtafutia tiba kwa watu wa kale waitwao Elw. Sura hizo ni nzuri. Ila kati ya Surf na hapo pana saa nyingi ambazo mchezo umesahau ulichoanza kukisema.

Dosari ya pili ni kwamba umagharibi wake ni wa juu juu. Pana vumbi, pana mbinja, pana watu watangatangao. Lakini pia pana majumba ya wafalme, mashujaa wa panga, binti mfalme na mashetani, yaani mapambo ya hadithi za kale za Ulaya yaliyokwisha kutumika katika michezo mia. Ng'ombe, ambaye bila yeye kauboi hana hata jina, hana kazi yoyote katika hadithi. Msomaji wa Wanging'ombe, ambako ng'ombe amo katika jina la wilaya, ana haki ya kucheka kidogo hapo. Mchezo wa tatu, wa mwaka 2002, ulirekebisha jambo hili kwa kuwapa wahusika wake wote silaha na farasi, na kiongozi wao akawa msichana, Virginia Maxwell.

Tena kuna ukame. Filgaia yakauka, na lawama yote inawekwa juu ya vita vya kale na mashetani waliotoka nje. Jawabu hilo ni rahisi mno. Mito iteremkayo kutoka Milima ya Kipengere hulisha Usangu, na maji ya Usangu hulisha Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Nani aliyeyamaliza maji? Wengine walisema wafugaji, na mwaka 2006 wakaanza kuondolewa Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao. Wengine walionyesha mifereji ya mashamba ya mpunga, wengine misitu iliyokatwa milimani. Hakuna shetani wa chuma katika shauri hilo. Kuna majirani, kila mmoja na haja yake. Mchezo ambao ungethubutu kuuweka ukame namna hiyo, mchezaji akalazimika kumhukumu mtu ambaye jana alimkaribisha chakula, ungekuwa mkubwa kuliko Wild Arms.

Kuhusu sura yake ya nje hakuna haja ya kukawia. Safari huonyeshwa kwa picha bapa zilizochorwa vizuri, lakini vita huonyeshwa kwa maumbo ya pande tatu yaliyo mazito na yenye vichwa vikubwa kama vinyago vya haraka. Wiki chache baadaye, Januari 1997, Final Fantasy VII ulitoka Japani, na vinyago vile vikazeeka kwa siku moja. Adui hutokea ghafla kila hatua chache, hata mchezaji asahau alikuwa akienda wapi. Waliotengeneza walilitambua hilo, wakauunda upya mchezo wote kwa jina la Wild Arms Alter Code: F mwaka 2003.

Jambo zito zaidi ni lugha. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1997 ilikuwa na sentensi zilizopinda, na mahali pengine maana ilipotea kabisa. Sasa mtu afikirie hali ya vibanda vya gemu vilivyoenea katika miji ya Tanzania kuanzia miaka ya 2000. Kijana hulipia mchezo mmoja au dakika chache, wenzake wamesimama nyuma wakingoja zamu. Mpira wa miguu hautaki kusomwa. Hadithi ya makumi ya saa, iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichopinda kilichotoka Kijapani, haina nafasi katika kibanda hicho. Filamu zilipata mkombozi: Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya kanda za video, na Kenya DJ Afro akafanya vivyo hivyo, hata bibi asiyejua herufi akamfahamu shujaa na adui. Mchezo hauwezi kusimuliwa na mtu wa pembeni kwa namna hiyo, kwa kuwa hausongi mbele mpaka mchezaji mwenyewe asome na kuchagua. Ndiyo maana Rudy hakupata kuwa na jina Makambako kama Jack alivyokuwa nalo Luanshya.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, mchezo wa jamii hii hii wenye wafalme na mizimu ya Kiafrika, uliotungwa na Waafrika wenyewe na kugharimiwa kwa sehemu na michango ya watu wa kawaida. Lugha zake ni Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, ambacho kina tenzi za mamia ya beti zisimuliazo vita, safari na majini, bado hakijapewa mchezo wa namna hiyo wa kuwekwa kando ya Aurion na Wild Arms.