Tiba kwa vitendo: Kozi ambayo wengi hawaijui na ajira zake

MGONJWA wa kiharusi anaporuhusiwa kuondoka hospitalini, aghalabu jamaa zake hudhani kazi ya matabibu imekwisha. Ni nyumbani ambapo hubainika kwamba mkono wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha shati wala kufikisha kijiko cha uji kinywani.

Hapo ndipo inapohitajika taaluma ya tiba kwa vitendo, ambayo katika hospitali za Kenya hujulikana zaidi kwa herufi mbili, OT. Wengi huichanganya na fiziotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia hujishughulisha hasa na misuli, viungo na mwendo, ilhali mwenzake wa OT huuliza mgonjwa anataka kuvitumia viungo hivyo kwa shughuli gani: kuoga, kupika, kuandika au kurejea kwenye cherehani yake.

Mtaalamu huyo pia humfunza mtoto mwenye mtindio wa ubongo kuketi na kujilisha, hutengeneza magango ya kuzuia mkono ulioungua usijikunje, na huwasaidia wanaougua maradhi ya akili kuizoea tena ratiba ya siku.

Nchini Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) hutoa stashahada ya taaluma hii, ambayo huchukua miaka mitatu. Ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi, kozi hiyo hufunzwa katika KCMC. Mwanafunzi husoma maumbile ya mwili, saikolojia na jinsi ya kuichanganua kazi ya kawaida, mathalani kuchemsha chai, hatua kwa hatua. Anayedhani hilo ni jambo dogo na ajaribu kulifanya kwa mkono mmoja.

Mafunzo ya nyanjani ndiyo uti wa mgongo wa kozi hii. Shirikisho la kimataifa la wataalamu hao, lililoundwa mwaka wa 1952, hutaka kila mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za mazoezi chini ya usimamizi. Kwa sababu hiyo, chuo kidogo hakipaswi kudharauliwa kwa udogo wake. Darasa la wanafunzi wachache humpa kila mmoja fursa ya kumshika mgonjwa na kusahihishwa papo hapo. Chuo kisicho na hospitali ya kupeleka wanafunzi wake ndicho cha kuogopwa.

Kabla ya kuuza ng'ombe ili kulipa karo, mzazi anapaswa kuuliza swali moja: je, chuo hiki kinatambuliwa na baraza la taaluma hii? Sheria ya mwaka wa 2014 iliunda baraza la kusimamia mafunzo, usajili na leseni. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo, na stashahada isiyotambuliwa haiwezi kumfikisha mwenyewe kwenye usajili. Jibu litafutwe kwa baraza lenyewe, wala si katika kijitabu cha matangazo cha chuo.

Kuhusu ajira, mhitimu asitarajie mteremko. Tangu huduma nyingi za afya zilipogatuliwa mwaka wa 2013, serikali za kaunti ndizo waajiri wakuu, na nafasi hutegemea bajeti zao. Mahitaji ya wagonjwa ni makubwa kuliko nafasi zinazotangazwa, na hilo ni kosa la wapangaji, si la taaluma.

Hata hivyo, milango haiishii hospitalini. Shule za watoto wenye mahitaji maalumu, vituo vya kutathmini watoto hao na mashirika ya misaada pia huwahitaji. Jijini Nairobi, kliniki za kibinafsi zinazohudumia watoto wenye usonji zimewapa baadhi yao riziki.

Wanaowazia ughaibuni wapige hesabu mapema. Uingereza hudai usajili wa baraza lake, HCPC, ambalo hupima masomo na tajriba ya mwombaji. Marekani ni ngumu zaidi: tangu 2007, anayeingia katika taaluma hii huko huhitaji shahada ya uzamili au zaidi, na stashahada pekee haimfikishi kwenye mtihani wa leseni.