Dawa za Miti na Kibandiko cha Chupa: Habari Ndefu ya Sheria

Katika eneo la Nyatike, nchini Kenya, upande wa Migori unaoelekea ziwani, dawa za miti huuzwa sokoni kwa magome, kwa unga na kwa chupa, ambazo aghalabu hazina maandishi ya kumwambia mgonjwa jina la mti, wala kiasi cha kunywa, wala siku dawa itakapoharibika, wala ni nani wa kuulizwa akizidiwa.

Upungufu huo una asili yake. Sheria ya matabibu ya mwaka 1910 ilimwachia mganga wa kienyeji nafasi ya kutibu watu wake, madhali jamii yake inamkubali. Lakini Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ikamtia shakani, ilhali Wajaluo wenyewe humtofautisha ajuoga, anayetibu, na jajuok, anayedhuru. Mganga akajifunza kuficha elimu yake, na elimu iliyofichwa haiwezi kuandikwa juu ya chupa.

Ilipokuja Sheria ya Famasia na Sumu, mwaka 1957, macho ya serikali yalielekea kwenye duka la dawa za Kizungu. Baada ya uhuru mganga akaandikishwa na idara ya serikali ya utamaduni, na dawa ikawa kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu. Hivyo mtu akawa na cheti mkononi, na chupa yake ikabaki haijulikani. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), iliyoundwa mwaka 1979, ilianza kuzichunguza dawa za jadi, na hiyo ni kazi njema mno, ingawa mti mmoja huchukua miaka mingi maabarani na mgonjwa hana wasaa huo.

Hasara ya upungufu huo ilidhihirika wakati wa UKIMWI, uliowaangamiza watu wa Migori na Homa Bay kuliko wa sehemu nyingi za Kenya. Katika miaka ya 1990 iliuzwa dawa iliyoitwa Pearl Omega, ikasifiwa kuwa ni tiba, hata serikali ikaipiga marufuku. Na mwaka 2011 Wakenya wengi walivuka mpaka kwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Siwalaumu hata kidogo, kwani mwenye kuuguliwa hushika analolipata.

Tanzania ilikwisha kutunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na baraza lake likaundwa. Kenya ilingoja hadi Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliyoagiza kiundwe chombo cha kuisimamia tiba hiyo. Kwa rai yangu, chombo cha namna hiyo hakitafaa kitu iwapo ada yake itamshinda mganga wa kijijini, au iwapo kibandiko kitaandikwa kwa Kiingereza pekee, badala ya Kiswahili na Kijaluo. Nawe msomaji, ukiuziwa chupa sokoni, itafute nambari ya usajili ya Bodi. Usipoiona, usinunue, na usiache dawa ulizopewa hospitali.