Maji Ndani ya Kompyuta: Vipoza Vilivyofungwa Vilitoka Wapi?

Leo tuzungumze habari za maji na stima, vitu viwili ambavyo mama zetu walitukataza kuvichanganya. Siku hizi ukiingia duka lolote la kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wako wa Kiswahili alivyopenda) utaonyeshwa kile kipoza maji kilichofungwa kiwandani: pampu ndogo inayokaa juu ya prosesa, mirija miwili ya mpira, na redieta yenye feni mbili au tatu. Taa zinawaka rangi zote. Bei nayo inawaka. Swali ni kama kifaa hicho kinastahili pesa zako, na mimi naona huwezi kulijibu vizuri bila kujua maji yaliingiaje ndani ya kompyuta. Yameingia mara kadhaa, na karibu kila mara yalitolewa tena.

Kwanza tuelewane jambo moja. Chukua lita moja ya maji na lita moja ya hewa. Kupandisha joto la maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati karibu mara 3,500 ya ile inayohitajika kwa hewa. Kwa hiyo maji hubeba joto jingi katika nafasi ndogo. Lakini kubeba tu ndiyo kazi yake. Maji ni kama hamali wa bandarini: anachukua mzigo hapa na kuupeleka pale, mzigo wenyewe haupungui njiani. Mwishoni joto lile lazima litupwe hewani, na kazi hiyo inafanywa na redieta na feni. Muuzaji akikuambia kipoza cha maji kitaifanya prosesa yako iwe baridi kuliko chumba, mwage kwa heshima.

Sasa turudi nyuma. Miaka ya 1960, IBM ilipotengeneza System/360 Model 91, mashine ilikuwa na joto jingi kiasi kwamba hewa iliyopita kati ya saketi zake ilibidi ipozwe na maji. Mwaka 1980 wakatangaza IBM 3081, na hapa ndipo uhandisi unaponifurahisha. Zaidi ya chipu 100 zilipangwa juu ya kigae kimoja cha kauri. Kila chipu iligandamizwa na pistoni yake ndogo yenye springi, na pistoni zile zikapeleka joto hadi kwenye bamba lililopita maji. Nafasi zilizobaki zilijazwa gesi ya heli kwa sababu heli hupitisha joto vizuri kuliko hewa. Kigae kimoja kilitoa takriban wati 300. Angalieni basi: maji hayakugusa saketi hata mara moja. Bamba la chuma, maji upande wa pili, kila kitu kimefungwa. Wazo la kipoza cha leo lilikuwepo tayari, ila lilikuwa kubwa kama kabati na lilikuja na mafundi wake.

Upande mwingine alikuwepo Seymour Cray. Mashine yake Cray-1 ya mwaka 1976 ilitumia freoni, ile ya friji, ikipita ndani ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Mashine nzima ilikula takriban kilowati 115 (kumbukeni namba hiyo, nitairudia). Cray-1 ya kwanza ilichelewa miezi sita kwa sababu ya kipoza tu: mafuta ya kulainisha kompresa yaliyochanganyika na freoni yalivuja kama ukungu, yakaganda juu ya bodi mpaka zikapiga shoti. Ilibidi watafute mbinu mpya za kuchomelea mabomba. Katika Cray-2 ya mwaka 1985 hawakuhangaika tena na mabomba ya kupita karibu na saketi. Walizitumbukiza bodi zote ndani ya Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M kisichopitisha umeme. Kompyuta ikawa ndani ya tangi kama samaki.

Halafu, mnamo miaka ya 1990, maji yakakauka. Sababu haikuwa kipoza bora. Transista zilibadilika. Mashine zile za zamani zilitumia aina ya transista iliyokula umeme hata ikiwa imekaa tu. IBM ilipohamia kwenye teknolojia ya CMOS kwa mashine zake kubwa mwaka 1994, feni zilitosha tena. Mabomba yakang'olewa, mafundi wa maji wakatafutiwa kazi nyingine.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ndiyo siri ya historia yote hii. Maji yanapoingia ndani ya kompyuta, mara nyingi ni dalili kwamba teknolojia ya chipu imefika ukingoni. Wahandisi hawayapendi maji. Wanayaleta wakikosa njia nyingine.

Kompyuta zetu za mezani zilipita njia hiyohiyo, zikiwa nyuma kwa miaka kadhaa. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilitoa takriban wati 15 na watu walilalamika kwamba ni moto! Joto likapanda kila mwaka. Mwaka 2001 Pat Gelsinger wa Intel alisimama mbele ya wahandisi akaonya kwamba mambo yakiendelea vile, joto katika kila sentimita ya mraba ya chipu litafikia la kinu cha nyuklia, kisha la mdomo wa roketi, kisha la uso wa jua. Wakati huohuo vijana wa Ulaya na Marekani waliopenda kuendesha prosesa kwa kasi kuliko iliyowekwa kiwandani walikuwa wamekwisha anza majaribio yao: pampu ya tangi la samaki, redieta ndogo ya hita ya gari, kipande cha shaba kilichochongwa gereji, na mipira ya hospitali. Jua kali halisi! Ilifanya kazi, na ilipovuja iliua kila kitu.

Mwaka 2004 ndio mwaka wa kukumbuka. Februari Intel ilitoa Pentium 4 iliyoitwa Prescott, transista za nanomita 90, na badala ya kupoa kama chipu ndogo zilivyozoea kupoa, ikawa moto zaidi. Mwezi wa Mei Intel ikafuta prosesa iliyokuwa ifuate. Oktoba ikaifuta Pentium 4 ya GHz 4 iliyokuwa imeahidiwa, na bosi wake Craig Barrett akapiga goti jukwaani kuomba msamaha, nusu kwa utani. Apple nao Juni mwaka huohuo walitoa Power Mac G5 yenye prosesa mbili za GHz 2.5, zikipozwa kwa maji. Kipoza kile kilitengenezwa na Delphi, kampuni ya vipuri vya magari. Steve Jobs alikuwa ameahidi GHz 3 ndani ya mwaka mmoja, haikufika. Juni 2005 akatangaza kwamba Apple inahamia Intel. Baadhi ya zile G5 zilikuja kuvuja miaka ya baadaye, na maji yake yenye dawa yakala bodi na pawasaplai. Wenye nazo wanajua.

Na tena maji yakakauka. Mwaka 2006 Core 2 Duo ikaja na wati 65, yenye nguvu kuliko Pentium 4 iliyokula wati 115.

Sasa hapa ndipo historia inapopinda, kwa sababu kipoza kilichofungwa kilishamiri baada ya hapo, wakati ambapo ungedhani hakihitajiki. Kampuni moja ya Denmark iitwayo Asetek, ya André Sloth Eriksen, ilikuwa imeanza kwa kuuza VapoChill, yaani kompresa ya friji chini ya kompyuta yako. Baadaye wakaja na wazo dogo ambalo lilibadilisha biashara nzima: pampu na bamba la shaba viwe kitu kimoja, vikae juu ya prosesa, na mfumo ujazwe na kufungwa kiwandani. Hakuna tangi la pembeni, hakuna mnunuzi kukata mpira. Mwaka 2009 Corsair ikauza H50, iliyotengenezwa na Asetek, na ghafla mtu yeyote mwenye bisibisi aliweza kuweka maji ndani ya kompyuta yake. Asetek walikuwa na hataza ya mpangilio ule na waliilinda kwelikweli. Desemba 2014 baraza la mahakama nchini Marekani liliwapa ushindi dhidi ya CMI USA, iliyouza vipoza vya Cooler Master huko. Ndiyo maana kwa miaka mingi majina mengi dukani yalikuwa na tumbo lilelile, na kampuni nyingine zilihamisha pampu kwenye redieta au kwenye mrija ili kukwepa kesi.

Kwa maoni yangu ufundi mkubwa wa kipoza hiki si kupoza. Ni kuhamisha hofu. Zamani maji yakivuja, lawama ni yako wewe uliyefunga. Sasa lawama ni ya kiwanda, na dhamana ipo kwenye boksi. Lakini kuna gharama yake: kitu kilichofungwa ili usikiharibu pia kimefungwa ili usikitengeneze. Maji hupenya polepole kwenye ukuta wa mpira, mwaka baada ya mwaka, na vipoza vingi havina mahali pa kuongezea. Pampu ikichoka, unatupa shaba, redieta, mirija, vyote. Vile vizuri huja na dhamana ya miaka 5 au 6. Hapa kwetu tunaitumia kompyuta mpaka mtoto aliyezaliwa ilipokuja aanze kuifanyia kazi za shule. Piga hesabu mwenyewe. Pia soma ile dhamana kabla ya kulipa: inatekelezwa na duka la hapa, au wewe ndiye utakayesafirisha boksi hadi ng'ambo?

Tukitazama prosesa zenyewe, wati zimerudi. AMD FX-9590 ya mwaka 2013 ilikuwa ya wati 220. Intel Core i9-13900K ya mwaka 2022 inaruhusiwa kufika wati 253. Na kwenye vituo vya data, kabati moja la Nvidia GB200 NVL72, lililotangazwa mwaka 2024, linahitaji takriban kilowati 120 na linapozwa kwa kimiminika. Kabati moja! Hiyo ni zaidi kidogo ya Cray-1 nzima. Safari hii sioni teknolojia mpya ya transista inayokuja kuyakausha maji, na ndiyo sababu nadhani yatakaa.

Haya, tukipime basi. Wengi huangalia nyuzi za joto tu, na hapo wanajidanganya. Prosesa kama Ryzen 9 7950X ya mwaka 2022 imeundwa ipande hadi nyuzi 95 ikibanwa na kazi, chochote utakachoweka juu yake. Kipoza bora hakitaonyesha nyuzi chache. Kitaonyesha kasi kubwa zaidi kwa nyuzi zilezile. Kwa hiyo soma kasi na wati, si joto peke yake. Pili, subiri. Maji huchukua muda kupata moto, basi jaribio la dakika tano litakusifia kipoza chochote. Iache ikimbie nusu saa ndipo usome. Kwa sisi waandishi wa programu hili lina faida yake: kukompaili kwa dakika mbili tatu kunaisha kabla maji hayajajua kuna nini. Tatu, andika joto la chumba. Mombasa chumba kikiwa na nyuzi 32, nyuzi 10 zaidi ya chumba cha Limuru, prosesa yako itaongeza karibu hizohizo 10. Nairobi tuna baridi lakini hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, na feni husukuma hewa kidogo kwa kila mzunguko. Maji hayakuokoi hapo, maana redieta inategemea hewa ileile.

Ukifunga, hakikisha sehemu ya juu ya redieta iko juu kuliko pampu. Mapovu hupanda mahali pa juu kabisa, na pampu ikiyameza utasikia inagugumia kama mzee anayekunywa uji wa moto.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: hata kile kinachoitwa kipoza cha hewa, chenye mirija ya shaba, kina maji. Ni tone dogo ndani ya kila mrija. Huchemka upande wa prosesa, mvuke ukakimbilia kwenye mapezi ya alumini, ukapoa na kurudi kwa utambi. George Grover wa maabara ya Los Alamos alionyesha kifaa hicho mwaka 1963. Hakina pampu. Kitakachokufa ni feni, na feni utaipata Luthuli Avenue mchana huohuo.

Kwa prosesa ya wati 250 inayofanya kazi kutwa, au kasha lisilo na nafasi ya pande refu la chuma juu ya bodi, nunua kipoza cha maji chenye redieta ya milimita 280 au 360 na uweke risiti. Kama hufiki huko, ingia kwenye mipangilio ya bodi upunguze kiwango cha wati kwanza. Joto litashuka sana kuliko kasi itakavyoshuka, na ni bure. Prosesa ya kompyuta yangu ya kazi ni ya wati 65. Juu yake nimeweka mirija minne ya shaba, mapezi ya alumini na feni moja ambayo huipangusa vumbi kila baada ya miezi mitatu.