Kandanda: Wingi wa Fikra na Uchache wa Maneno

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa shule wakati wa mashindano atakuwa ameliona jambo hili: mwalimu anapaza sauti tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, naye mchezaji, badala ya kuutazama mpira, anamtazama mwalimu. Mshika mbili moja humponyoka. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo walimu wa kandanda wamebishana juu yake kwa miaka mingi: je, mchezo huu ufundishwe kwa uchambuzi mrefu, au uachwe katika wepesi wake wa asili? Historia ya kandanda ya Uingereza, nchi ambayo kanuni zake ziliandikwa mwaka 1863, yaweza kutupa mwanga.

Tarehe 25 Novemba 1953, timu ya taifa ya England ilipambana na Hungaria katika uwanja wa Wembley, London. Hadi siku hiyo England haikuwa imeshindwa nyumbani na taifa lolote la Ulaya bara. Ilifungwa mabao 6 kwa 3. Nándor Hidegkuti, mshambuliaji wa kati wa Hungaria, hakusimama mbele kama ilivyokuwa desturi, bali alirudi nyuma kuelekea katikati ya uwanja. Mlinzi wa kati wa England, Harry Johnston, akatatizika: akimfuata, anaacha pengo mbele ya lango lake, asipomfuata, mwenzake anacheza apendavyo. Hidegkuti akafunga mabao 3. Machoni pa watazamaji mchezo wa Wahungaria ulikuwa mwepesi: mtu anatoa pasi na kwenda. Lakini wepesi huo ulikuwa tunda la fikra ndefu za mwalimu wao, Gusztáv Sebes, na wenzake.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwako Mwingereza aliyeitafuta siri ya mchezo kwa njia ya hesabu. Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga, alianza mwaka 1950 kuandika mwenendo wa pasi katika mechi alizozitazama. Mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin walichapisha matokeo: mabao mengi hutokana na mashambulizi yenye pasi 3 au pungufu. Reep akahitimisha kwamba mpira upelekwe mbele upesi. Hapa pana kosa linalofaa kuonyeshwa wanafunzi. Katika mechi yoyote mashambulizi mengi hukatika mapema. Kwa hiyo si ajabu mabao mengi yakitoka katika kundi hilo. Tuseme shule ina wanafunzi 400 wa kutwa na 50 wa bweni, wakafaulu 40 wa kutwa na 10 wa bweni. Nani atadai kwamba wa kutwa wamewashinda wenzao? Wa kutwa amefaulu mmoja katika kila 10. Wa bweni mmoja katika kila 5. Hesabu ya Reep ilikuwa ya jasho jingi na funzo lake lilikuwa jepesi. Lakini wepesi wa neno si ushahidi wa ukweli wake.

Mfano wa pili ni wa watu wawili. Don Revie aliiongoza Leeds United kuanzia mwaka 1961 hadi 1974, akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1969 na 1974. Alizoea kuwapa wachezaji wake taarifa ndefu juu ya kila timu pinzani. Alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 1974 aliendelea na desturi hiyo, lakini wachezaji wengi walichoshwa nayo. Akaondoka mwaka 1977 bila kuifikisha England katika fainali za mashindano yoyote makubwa. Taarifa zilikuwa za aina ile ile. Kilichobadilika ni nini? Leeds aliwalea vijana kwa miaka. Timu ya taifa alikutana nayo kwa siku chache tu.

Brian Clough alikuwa kinyume chake. Yeye alitaka mpira utunzwe, upewe mwenzako, na kila mtu afanye kazi aliyoimudu. Akiwa Nottingham Forest alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1978 na Kombe la Ulaya mwaka 1979 na 1980. Hata hivyo, nyuma ya maneno hayo machache palikuwa na Peter Taylor, msaidizi wake, mwenye jicho kali la kuchagua wachezaji. Tena yafaa tukumbuke kwamba Clough huyo huyo alimrithi Revie pale Leeds mwaka 1974, akadumu siku 44 tu, kwa kuwa hakupata imani ya wachezaji.

Basi ugomvi si baina ya kufikiri na kutofikiri. Mpishi huchagua mchele punje kwa punje, lakini mgeni hapelekewi ungo wa pumba. Hupelekewa sahani ya wali. Vivyo hivyo mwalimu na achambue usiku kucha, kisha asubuhi ampe kijana neno moja analoweza kulibeba akikimbia. Na neno hilo, liwe refu au fupi, halitaingia moyoni mwa asiyemwamini anayelisema. Hili ni la uwanjani, na ni la darasani pia.