Gari likiharibika kabisa: kulitengeneza, kuliuza au kulivunja?

ATAKAYEPITA karibu na vituo vya polisi vilivyo kando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba hakosi kuyaona magofu ya magari yaliyolundikwa uani. Baadhi yameota nyasi hadi kwenye usukani. Mengine yameng'olewa milango, taa na hata viti. Yamo ambayo ni vielelezo katika kesi zisizoamuliwa bado. Yamo pia yaliyosahauliwa tu: mwenyewe hakujua la kufanya siku zile za kwanza baada ya ajali, akaahirisha, na kila mvua iliyonyesha ikaila mali yake kidogo kidogo.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa familia nyingi gari ndiyo mali ya thamani zaidi baada ya shamba au nyumba, na aghalabu huwa limenunuliwa kwa mkopo ambao ungali unalipwa. Gari linapogongwa, deni haligongwi nalo.

Swali la kwanza wengi wanalouliza ni iwapo gari linaweza kutengenezeka. Nchini Kenya swali hilo halisaidii sana, kwa kuwa ni vigumu kumpata fundi wa Grogan jijini Nairobi, au wa Kariobangi Light Industries, atakayekiri kwamba gari limemshinda. Maswali yanayofaa ni mawili: gari hilo litakuwa na thamani gani likishatengenezwa, na jina la nani litabaki katika kitabu cha usajili iwapo litauzwa. La pili ndilo husahauliwa, nalo ndilo huleta majuto makubwa zaidi.

Saa 24 za kwanza

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kujitambulisha. Ripoti yapasa ifike kituo cha polisi mapema iwezekanavyo na, kwa vyovyote vile, kabla ya saa 24 kupita. Ripoti hiyo ndiyo chimbuko la abstrakti ya polisi, karatasi ambayo bila hiyo kampuni ya bima haitagusa dai lolote. Ajali ikiwa mbaya, hasa panapotokea kifo, gari huzuiliwa hadi likaguliwe na mkaguzi wa serikali. Mwenye gari na atafute nakala ya ripoti ya mkaguzi huyo. Ikiwa inasema breki zilikuwa nzima kabla ya ajali, itamfaa mbele ya bima na mbele ya mahakama. Ikiwa inasema magurudumu yalikuwa yamekwisha, ni heri alijue hilo mapema.

Wenye magari ya kukokota hufika upesi, wakati mwingine kabla ya polisi. Bei iafikiwe kabla ya ndoano kufungwa, na pia mahali gari litakapopelekwa, kwa sababu yadi na gereji nyingi hutoza ada ya kila siku kwa kuhifadhi. Gari lipigwe picha pande zote, na vilivyomo viandikwe: betri, redio, gurudumu la akiba, jeki. Katika pilkapilka za ajali jambo hili huonekana dogo, lakini aliyelikuta gari lake kituoni bila betri hana la kusema ikiwa hakuna orodha.

Bima hulipa nini

Bima ya lazima, inayotakiwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inawahusu watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa na gari. Haimlipi mwenye gari hata ndururu kwa gari lake mwenyewe. Aliyekata bima ya aina hiyo pekee anaweza tu kumdai aliyemgonga, ikiwa kosa ni la huyo mwingine. Kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, imerahisisha safari hiyo. Inatakiwa kuamua kesi katika siku 60 na mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili.

Mwenye bima kamili, ile inayolipia gari lenyewe, hutumiwa mkadiriaji hasara na kampuni. Mkadiriaji hulinganisha gharama ya ukarabati na thamani ya gari kabla ya ajali. Kiwango cha kuamua kwamba gari limekwisha hutofautiana baina ya kampuni na kampuni, lakini gharama inapovuka nusu ya thamani, mazungumzo ya kulitengeneza huanza kufifia. Hapo kampuni hupendelea kulipa thamani ya gari na kulichukua gofu, ambalo baadaye hupigwa mnada. Matangazo ya minada hiyo huchapishwa magazetini.

Wengi hushangaa malipo yanapokuja. Kampuni hulipa thamani ya gari sokoni siku ya ajali au kiasi kilichoandikwa kwenye bima, kile kilicho kidogo. Anayelikatia gari la Sh500,000 bima ya Sh800,000 hulipa ada kubwa kila mwaka bila faida yoyote. Anayefanya kinyume chake huumia vilevile. Tuseme gari ni la Sh800,000 lakini limekatiwa bima ya Sh500,000, na ukarabati unahitaji Sh200,000. Bima nyingi zina kifungu kinachoiruhusu kampuni kulipa kwa uwiano huo huo, yaani sehemu tano kati ya nane. Mwenye gari atapata Sh125,000 na nyingine Sh75,000 atazitoa mfukoni, licha ya kile kiasi cha kwanza ambacho kila mteja hujibebea katika kila dai.

Si lazima gofu liende na kampuni. Mwenye gari anaweza kuomba alibaki nalo, na bei yake ikakatwa kutoka kwa malipo. Ikiwa gari lilikuwa la Sh800,000, mzigo wake mwenyewe ni Sh40,000 na gofu limethaminiwa kwa Sh200,000, atapewa Sh560,000 pamoja na gofu lake. Hili lina maana kwa fundi, au kwa mtu mwenye gari jingine la aina hiyo hiyo linalohitaji vipuri. Kwa mwalimu au karani asiye na nafasi hata ya kuliegesha, kulichukua ni kujitwisha mzigo.

Kabla ya kutia saini hati ya kukubali malipo, isomwe hadi mwisho; kwa kawaida husema kwamba mteja hatadai tena. Asiyeridhika na makadirio anaweza kumleta mkadiriaji wake kwa gharama yake, na mzozo usipotatuliwa anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA). Ikiwa gari lina mkopo, benki hulipwa kwanza. Mara nyingine malipo yote huishia huko na deni likabaki.

Mafuriko ni habari nyingine. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipoizamisha mitaa mingi ya Nairobi, magari ambayo hayakuwa na hata mkwaruzo yaligeuka magofu, maji yakiwa yameingia kwenye injini na nyaya. Bima hulipia mafuriko au hailipii kulingana na maandishi ya mkataba, na wakati wa kuyasoma ni siku ya kukata bima.

Hesabu ya asiye na bima

Chukua mfano wa Probox iliyokuwa na thamani ya Sh700,000 kabla ya kubingirika. Gereji inadai Sh420,000 kuitengeneza. Mnunuzi wa magofu yuko tayari kutoa Sh180,000 leo. Mwenye gari huona kwamba kwa Sh420,000 atarudishiwa gari la Sh700,000, naye huanza kutafuta pesa. Amekosea. Gari lililowahi kubingirika haliuzwi kwa bei ya zamani. Wanunuzi huja na mafundi wao, na fundi hodari huitambua rangi mpya na chuma kilichonyooshwa kwa kupitisha kidole tu. Tuseme litauzwa Sh550,000. Ukitoa gharama ya ukarabati, anabaki na Sh130,000, tena baada ya miezi ya kungoja. Kuliuza kama lilivyo kungempa Sh50,000 zaidi.

Na makadirio ya gereji yana tabia ya kupanda. Fundi akishafungua mbele ndipo "hugundua" kuwa rejeta imepasuka na giaboksi inavuja. Ni busara kuongeza angalau robo ya makadirio ya kwanza kabla ya kuamua lolote.

Hesabu hubadilika ikiwa gari ni la kazi. Teksi au gari la kubeba bidhaa ambalo mwenyewe hana nia ya kuliuza halipimwi kwa bei ya soko pekee, bali kwa mapato yake ya kila siku, na pia kwa siku litakazokaa gereji bila kuleta chochote. Hubadilika pia kwa upatikanaji wa vipuri. Kwa kuwa Kenya hairuhusu magari ya mitumba yaliyozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini, modeli zilizopita umri huo haziji tena, na yaliyomo nchini hutegemea vipuri vilivyopo au yale magofu mengine. Kwa Toyota za kawaida hilo si tatizo. Kwa gari la nadra, mlango mmoja waweza kusubiriwa miezi mitatu.

Kuna hali ambapo hesabu haifai hata kupigwa. Gari lililopinda chesi, au ambalo nguzo za paa zimeporomoka, linaweza kunyooshwa likapendeza macho lakini halitamlinda abiria tena kama awali. Vivyo hivyo mifuko ya hewa ikishafyatuka: badala ya kununua mipya, wapo mafundi wanaoziba kifuniko cha usukani na kuizima taa ya onyo. Baya zaidi ni gari lililounganishwa kwa kuchomelea nusu mbili za magari tofauti. Anayelikarabati gari namna hiyo kisha akaliuza bila kusema anamuuzia mwenzake hatari.

Gofu na karatasi zake

Gari linalouzwa vipande vipande huleta pesa nyingi kuliko gofu zima, ila huhitaji subira na mahali pa kuliweka. Injini na giaboksi hununuliwa upesi, kisha milango, taa na magurudumu. Nambari ya injini imo katika usajili, hivyo anayeinunua na kuiweka katika gari jingine hana budi kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA). Muuzaji ajiwekee nakala ya makubaliano na ya kitambulisho cha mnunuzi.

Kinachobaki ni chuma cha kupimwa kwa kilo. Gari dogo kama Vitz lina uzani wa takriban tani moja, lakini ukitoa viti, vioo, plastiki na mipira, chuma hupungua sana. Hii ndiyo bei ya chini kabisa ya gari lolote, na anayetoa chini ya hapo anapunja. Biashara ya vyuma chakavu inasimamiwa na sheria ya 2015. Januari 2022 serikali iliipiga marufuku baada ya mitambo ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena Mei mwaka huo kwa masharti makali zaidi. Auziwe mwenye leseni pekee. Betri isitupwe wala isivunjwe nyumbani kwa watoto. Madhara ya madini ya risasi yatokanayo na betri za magari yalionekana katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako mahakama iliamuru mnamo 2020 wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha 2024.

Sasa kitabu cha usajili. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema kwamba ambaye jina lake limo katika usajili ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 hakiruhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mnunuzi kusajiliwa. Wanaouza magofu hudhani hayo hayawahusu. Watu wanaoiba magari wanajua zaidi. Wao hawalitaki gofu lenyewe. Wanataka nambari yake ya usajili, nambari ya chesi na kitabu chake, ili wavipachike kwenye gari la wizi la rangi na modeli hiyo hiyo. Gari hilo likimgonga mtu au likitumiwa katika uhalifu, polisi na mawakili humtafuta aliyeandikwa. Ataweza kujitetea akiwa na hati ya mauzo, na mahakama zimewahi kukubali ushahidi wa aina hiyo, lakini ni yeye wa kuhangaika kuutafuta.

Kwa hivyo anayeuza gofu litakalotengenezwa aanzishe uhamisho wa umiliki siku hiyo hiyo kupitia eCitizen, ambako huduma za NTSA zilihamishiwa 2023, na asipokee salio kabla mnunuzi hajakubali uhamisho huo. Anayelivunja gari ang'oe nambari za usajili, asimpe mtu kitabu, na aombe NTSA ifute usajili.

Aliyeliacha gereji akidhani linangoja uamuzi wake naye ajue kwamba Sheria ya Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, inamruhusu mwenye gereji kuliuza. Tangazo hutolewa, aghalabu katika Gazeti Rasmi la Serikali, likitaja nambari ya gari na kumpa mwenyewe muda, kwa kawaida siku 30, wa kulipa gharama za ukarabati na hifadhi na kulichukua. Gazeti hilo halina wasomaji wengi.