Fulana ya kujinunulia

Nenda soko la Tandika, Temeke, asubuhi belo la mitumba linapokatwa kamba. Katikati ya mashati ya ofisini na jezi zilizopauka, huenda ukakuta fulana ya pamba nzito yenye maneno ya kuwahimiza watu wa mji fulani wa Marekani wakajiandikishe kupiga kura. Huko ilikotoka, mtu aliinunua ili kikundi cha wapigania haki kipate chochote cha kuendeshea shughuli. Akaivaa, akaichoka, akaitoa sadaka. Tandika inauzwa mara ya pili, na konda anayeichukua hana habari na maneno. Anavuta mshono wa bega aone kama utahimili.

Dar es Salaam biashara ya kuuza fulana ili siasa ipate fedha imechelewa kushika, ingawa mbegu yake ni ya zamani.

Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja, Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, kwa hiyo hakuanza na ofisi wala vipeperushi. Alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma, na hadi Oktoba mwaka ule wanawake waliochukua kadi walikuwa wamefika 5,000 hivi. Vikundi hivyo vilikuja na mazoea ambayo chama kiliyarithi bila jasho: kutoa mchango, kutunza fedha za wenzako, na kuvaa sare. Na sare ya ngoma hupewi. Unanunua khanga kwa fedha yako, doti ileile waliyonunua wenzako, na asiyekuwa nayo anakaa pembeni akitazama.

Mazoea hayo hayakuishia kwenye ngoma. Mwaka 1958 mahakama ya wakoloni ilipomtoza Nyerere faini ya Sh 3,000 kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU, wanachama walichanga, ikalipwa.

Baada ya uhuru chama kikawa ndicho serikali, na chama chenye serikali hakina haja ya kupitisha bakuli. Khanga za sherehe zilichapwa viwandani, kama Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kizazi kizima kilikuwa kimeshazoea kwamba nguo ya chama inashuka kutoka juu. Kampeni za 1995 zikaja na fulana, kofia na khanga kwa mafungu. Mtu mmoja aliweza kuwa na fulana za vyama vitatu akazivaa kwa zamu, moja ya shambani, moja ya kulalia, na sioni kwa nini alaumiwe. Nguo ni nguo.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura ukapewa jina la heshima: takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu vya takrima vikatupwa kwa kukiuka Katiba. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Fulana za bure hazikutoweka, sote tunajua, ila ziliingia kwenye hesabu.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kikiota Kinondoni. Mtaa wa Ufipa, yalipokuwa makao makuu ya chama cha upinzani cha CHADEMA kwa miaka mingi, lilishamiri gwanda la kaki, nalo wafuasi walijinunulia. Kwa chama kisicho na viwanja wala majengo ya kupangisha, mauzo hayo yalikuwa na maana yake, lakini tusiyakuze. Nimewahi kukaa nyuma ya kibanda cha fundi wa kuchapa fulana Mwananyamala. Fremu ya mbao, kitambaa laini kilichokazwa kama ngozi ya ngoma, wino unamiminwa upande mmoja na kuburuzwa kwa raba hadi upande wa pili, kisha fulana inaanikwa kwenye kamba. Tuseme fulana tupu inapatikana kwa 6,000 na uchapaji ni 2,000, nawe unauza 15,000. Kwenye karatasi una faida ya 7,000. Sasa toa nauli, toa zilizochafuka wino, toa walizochukua makada kwa mali kauli wakasema watalipa mwisho wa mwezi, toa katoni ya saizi kubwa ambazo hakuna aliyeziuliza. Mweka hazina akimaliza kutoa, kinachobaki mezani ni cha kulipia spika za mkutano mmoja.

Faida kubwa iko kwingine. Anayenunua amejiweka wazi, na dola inalijua hilo. Mwaka 2016, CHADEMA ilipotangaza maandamano ya Septemba 1 ya kupinga ilichokiita udikteta, kwa jina la UKUTA, polisi walikamata watu kwa kuvaa fulana zenye neno hilo. Sijasikia mtu akisumbuliwa kwa fulana ya bure ya chama kilichoko madarakani.

Halafu ikaja Kinondoni yenyewe. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge, viongozi wa CHADEMA na wafuasi wao waliandamana kudai hati za viapo za mawakala wao. Polisi walifyatua risasi, na Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akauawa akiwa ndani ya daladala. Waliofikishwa mahakamani ni viongozi wa chama. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatoza faini ya jumla ya Sh 350 milioni au jela. Watu wakachanga kwa simu, elfu mbili, elfu tano, kama wale wa 1958, na viongozi wakatoka. Juni 2021 Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo na kuagiza fedha zirudishwe.

Tangu hapo simu imeipiku fulana. Kampeni ya CHADEMA ya kuchangisha fedha, Tone Tone, ya mwaka 2025 haikuhitaji wino wala kamba ya kuanikia. Lakini maneno bado yanatafuta vifua: "Katiba Mpya" mwaka 2021, kisha "Mbowe si gaidi" wakati wa kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, yote yalichapwa kwenye fulana.

Kwa sasa warithi wa kina Bomba, kwa maoni yangu, ni klabu za jogging za Temeke. Jumapili alfajiri wanapita barabarani wakiimba, fulana za rangi moja, kila mtu kachangia yake, na fedha inayobaki inakwenda kwa mgonjwa au msiba. Wanasiasa wameshawaona. Msimu ukifika, katoni inaletwa, jina la mheshimiwa mgongoni. Klabu inapokea, inapiga picha, na Jumapili inayofuata wengi wanarudi na ile ya zamani iliyopauka.

Fundi wa Mwananyamala huwachapia pande zote mbili. Akimaliza oda anaiosha fremu, maneno yanateremka na maji ya wino kuelekea mtaroni, naye anauliza nani anafuata.